Baba anasema Mungu ndiye kinga yake. Nimwambie nini kuhusu chanjo?

Shikamoo mshauri,

Baba yangu ana miaka 71. Ameishi na kisukari na shinikizo la damu kwa muda mrefu. Wakati wa janga la Korona alikataa chanjo katakata. Kila tulipomgusia, jibu lake lilikuwa moja: "Mungu ndiye kinga yangu." Janga likapita akiwa salama, tukashukuru, tukanyamaza. Sasa kliniki yake ya kisukari imemshauri achanjwe Korona pamoja na homa ya mafua, na jibu ni lile lile.

Kinachonichanganya ni kwamba baba si mtu wa kukimbia hospitali. Vidonge vyake anameza asubuhi na jioni, hakosi. Sisi watoto wake sote alitupeleka mwenyewe kuchanjwa surua na polio, na kadi zetu bado amezitunza. Lakini hii, hapana. Siku moja tukiwa wawili tu aliniambia, "Watu kama sisi ndio hujaribiwa kwanza." Nilipomuuliza ana maana gani, akabadili mazungumzo.

Kaka yangu mkubwa ndiye mwenye neno zito nyumbani. Anasema chanjo hiyo ilitengenezwa haraka mno, inabadilisha vinasaba, na waliochanjwa waliugua vilevile. Karibu kila wiki anatuma klipu kwenye kundi la familia. Mimi humjibu kwa makala ndefu, tunaishia kurushiana maneno, na wengine wanakaa kimya.

Kosa langu kubwa ni hili: mwezi uliopita nilimwambia baba, mbele ya wajukuu, kwamba anaongea kama mtu asiyesoma. Alinyanyuka akaenda chumbani. Tangu siku ile tunasalimiana vizuri, ila nikitaja daktari tu anageukia redio.

Nimwambie nini bila kugusa imani yake? Kaka na klipu zake nimfanyeje? Baba akikubali, siku yenyewe tujiandae vipi? Na akikataa kabisa?

Binti aliye njia panda

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na lile la mbele ya wajukuu, maana kwa sasa ndilo linalofunga mlango. Mzee aliyedhalilishwa hawezi kukubali chanjo kutoka kwa aliyemdhalilisha. Akikubali, ni kama amekiri kwamba kweli hakuwa na akili. Mwombe radhi, na radhi hiyo isihusishwe na chanjo hata kwa neno moja. "Baba, siku ile nilikukosea, tena mbele ya watoto. Nisamehe." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini nilikuwa naogopa kwa ajili yako", kwa sababu hiyo "lakini" inageuza radhi kuwa hoja. Na kwa kuwa wajukuu walisikia tusi, wasikie na radhi. Baada ya hapo acha siku kadhaa zipite bila kutaja sindano.

Siku hizo zitumie kuisoma upya barua yako, kwa sababu umeandika mambo ambayo wewe mwenyewe umeyapita haraka. Baba yako anameza vidonge kila siku na bado anamtegemea Mungu. Aliwapeleka watoto wake kuchanjwa na bado alimtegemea Mungu. Kwa hiyo imani yake haijawahi kugombana na dawa, wala na chanjo kwa jumla. Inagombana na hii. Sentensi ya "Mungu ndiye kinga yangu" ni ya kweli moyoni mwake, sina shaka, lakini pia ni ukuta mzuri wa kujificha, kwa sababu hakuna mtoto mwenye adabu atakayeubomoa. Nyuma ya ukuta huo nadhani kuna mambo mawili, na kila moja lina jibu lake.

La kwanza ni tofauti kati ya kutibu na kukinga. Kidonge kinakwenda kwa mtu anayejijua mgonjwa. Chanjo inamwendea mtu anayejiona mzima, inamtia homa leo ili imwepushe na ugonjwa ambao huenda usije. Binadamu wengi huliona dhara linalotokana na tendo lao kuwa zito kuliko dhara linalotokana na kuacha kutenda, hata kama la pili ni kubwa zaidi. Tabia hii ni ya kale kuliko chanjo zenyewe. Mwaka 1736 Benjamin Franklin wa Marekani alifiwa na mwanawe wa miaka 4 kwa ndui, akiwa hajapewa kinga ya wakati ule ya kupandikizwa ugonjwa kidogo. Akiwa mtu mzima sana aliandika akiwaambia wazazi waliohofu kwamba wasingejisamehe mtoto akifa kwa kinga hiyo: majuto ni yale yale kwa upande wowote.

Jambo hili usimhubirie baba. Mpe swali linaloiweka hali ya kutochanjwa nayo mezani kama uamuzi: "Baba, ikitokea umepata Korona au mafua makali, ungependa tufanye nini siku ya kwanza?" Akianza kupanga, mwenyewe atauona uzito wa kila upande. Kwa mtu wa umri wake mwenye kisukari uzito huo ni mkubwa. Maambukizi hupandisha sukari, sukari ikipanda mwili hupigana vibaya zaidi, na vifo vingi vya Korona vilikuwa vya wazee na wenye maradhi kama yake.

La pili ni lile la "hujaribiwa kwanza". Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko pote, maana hapo baba yako hasemi upuuzi. Huko Tuskegee, Marekani, tangu 1932 hadi 1972, wanaume Weusi wapatao 400 wenye kaswende walifuatiliwa na serikali bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa tiba. Huko Kano, Nigeria, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni kubwa ya dawa ilifanya majaribio kwa watoto wapatao 200. Watoto 11 walifariki, na familia zikasema hazikuelezwa kwamba ni majaribio. Mwaka 2003 jimbo hilohilo lilisimamisha chanjo ya polio kwa miezi mingi, na virusi vikasafiri hadi nchi zilizokuwa zimeshaviondoa. Mwaka 2011 nchini Pakistani, majasusi wa Marekani walitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kama kifuniko cha kumsaka mtu. Watoa chanjo wa kweli walikuja kulipa gharama ya hila ile.

Mzee akikutajia lolote la namna hiyo, usiseme "hayo ni ya zamani". Sema, "Ni kweli, na lilikuwa kosa." Kisha uliza, "Wewe uliyasikia wapi? Kuna mtu wetu yalimpata?" Sikiliza mpaka mwisho. Huenda kuna ndugu aliyetibiwa vibaya mahali, jambo ambalo ninyi watoto hamkuambiwa.

Akishamaliza, na akikuruhusu, unaweza kumweleza jambo moja. Jaribio kuu la chanjo ya Pfizer lilikuwa na watu zaidi ya 43,000, wengi wao Marekani, na wengine Argentina, Brazili, Afrika Kusini, Ujerumani na Uturuki. Dozi zake za kwanza nje ya majaribio, tarehe 8 Desemba 2020, zilidungwa Uingereza, zikianza na wazee. Nchi tajiri zilijinunulia mapema, maskini wakasubiri. Dhuluma ya safari ile ilikuwa ya kucheleweshwa, na hiyo nayo ni dhuluma. Mwambie hivyo hivyo, bila kuifanya ionekane nzuri.

Sasa imani yenyewe. Tenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Swali la kumtegemea Mungu si lako kulijibu. Hata ukijua aya zote, mtoto kumfundisha baba dini yake ni kumrudisha kule chumbani. Mtu wa kulijibu ni kiongozi wa ibada anayemheshimu. Mwendee mapema na umuulize msimamo wake kabla ya kumwomba azungumze na mzee. Ukimleta anayepinga, umeongeza ukuta.

Swali la pili ni la kilichomo ndani ya chanjo, kama kuna nguruwe au seli za mimba zilizotolewa. Hilo lina majibu kamili. Watengenezaji wa Pfizer, Moderna na AstraZeneca walieleza kwamba chanjo zao za Korona hazina kitu cha nguruwe. Kuhusu seli, AstraZeneca na Johnson & Johnson zilikuzwa kwa mistari ya seli, yaani seli zinazozalishwa maabara kizazi hadi kizazi, iliyoanzia kwenye mimba za miaka ya 1970 na 1980; Pfizer na Moderna hazikukuzwa humo, ila seli hizo zilitumika katika vipimo vya maabara. Ndani ya dozi hakuna seli hizo. Tarehe 21 Desemba 2020 Vatikani ilitamka kwamba Mkatoliki anaruhusiwa kuzipokea pale ambapo hakuna nyingine, na Januari 2021 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitangaza chanjo ya Sinovac kuwa halali. Ukificha habari ya seli, kaka yako ataitoa, na neno lako halitaaminika tena.

Mazungumzo yenyewe yafanye mkiwa wawili, mmeketi, ameshakula, na redio haitangazi habari za magonjwa. Dakika 15 zinatosha. Muulize, "Katika kumi, uko tayari kiasi gani kuchanjwa?" Akisema mbili, usimuulize kwa nini si tisa. Ukimuuliza hivyo atakuorodheshea sababu za kukataa, na kila anapozitaja zinazidi kumkaa. Muulize kwa nini si sifuri. Hapo atatafuta mwenyewe sababu ya zile mbili: labda daktari wake anamwamini, labda rafiki yake aliugua vibaya. Irudie sababu hiyo kwa maneno yake. Omba ruhusa ya kueleza jambo moja, lieleze kwa sentensi mbili tatu, kisha umuulize analionaje. Akiinuka, mwache ainuke, mtaendelea siku nyingine.

Yanayoharibu zaidi ni kumwaga hoja kumi kwa mkupuo (atashika ile dhaifu na kuijibu hiyo tu), kumtisha kwa picha za wagonjwa, na kuwatuma wajukuu wamlilie. Na msije mkafikiria kumdunga kwa hila eti ni sindano nyingine. Ni kinyume cha haki yake, na mtakuwa mmethibitisha kila alichokihofia.

Kuhusu kaka, mheshimu kwa kukiri pale alipo sahihi, maana yapo. Waliochanjwa waliugua kweli, hasa kirusi cha Omicron kilipoingia mwishoni mwa 2021. Kinga dhidi ya kuambukizwa hupungua ndani ya miezi; kinga dhidi ya kulazwa na kufa hudumu zaidi. Baadhi ya viongozi waliahidi kupita kiasi, na watu wakajiona wamedanganywa. Madhara makubwa nayo yalikuwepo, ingawa kwa nadra. Chanjo za mRNA, yaani za Pfizer na Moderna, zilisababisha uvimbe wa misuli ya moyo, hasa kwa wavulana na vijana wa kiume baada ya dozi ya pili. AstraZeneca na Johnson & Johnson zilisababisha damu kuganda kwa namna ya ajabu, na Machi 2021 nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha AstraZeneca ili kuchunguza.

Kwenye haraka na vinasaba ndipo anapokosea. Kilichofupishwa ni kusubiri. Kwa kawaida awamu moja ya majaribio huisha, fedha hutafutwa, kisha nyingine huanza. Safari hii awamu zilipishana, fedha zikiwa tayari, na viwanda vilianza kuzalisha kabla ya matokeo, kwa hasara ya mwenye fedha endapo chanjo ingefeli. Tena ugonjwa ulikuwa umeenea, hivyo jibu lilikuja upesi. Katika jaribio la Pfizer wagonjwa 170 walihesabiwa: 162 walidungwa maji ya chumvi, 8 walidungwa chanjo. Teknolojia ya mRNA nayo haikuanza 2020. Ugunduzi wa wanasayansi Katalin Karikó na Drew Weissman uliofungua njia ulichapishwa 2005, wakapewa Nobeli 2023. Fikiria kitabu cha mapishi kilichofungiwa chumbani, na kipande cha karatasi kilicholetwa jikoni. Mpishi anasoma karatasi, anapika, karatasi inatupwa. mRNA ni ile karatasi. Inasomwa nje ya kiini cha seli, haiingii chumbani kilimo kitabu cha vinasaba, na huvunjwavunjwa baada ya muda mfupi.

Haya mwambie faragha, kwa simu au ana kwa ana. Kwenye kundi, kila jibu lako linamlazimu kujitetea mbele ya wadogo zake, na makala ndefu hakuna anayeisoma. Klipu ikija na ukaona lazima useme, andika mara moja tu, sentensi tatu, ukianza na ukweli badala ya kuurudia uzushi: "mRNA haifiki kwenye kiini cha seli, ndiyo maana haiwezi kugusa vinasaba. Klipu inachanganya vitu viwili. Anayetaka maelezo anipigie." Kisha nyamaza. Wale walionyamaza kwenye kundi ndio unaowaandikia.

Baba akikubali, kazi huanza wiki moja kabla. Pimeni sukari na shinikizo kila siku na mwandike. Mzee wa miaka 71 anaweza kuumwa jambo lolote ndani ya mwezi wowote, na msipokuwa na kumbukumbu za kabla, kila kitakachotokea baada ya hapo kitahesabiwa kuwa ni chanjo. Mwambie mapema kwamba mkono unaweza kuuma, na kwamba homa, uchovu au maumivu ya kichwa kwa siku 1 hadi 3 ni kawaida. Homa isiyotarajiwa itampa kaka klipu mpya.

Siku yenyewe ale kama kawaida na ameze dawa zake. Beba orodha ya dawa hizo. Mtoa chanjo aambiwe kama amewahi kupata mzio mkali wa chanjo, dawa au kiambato chochote, hasa polietilini glikoli iliyomo kwenye chanjo za mRNA, na kama anatumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu. Kwa anayetumia dawa hizo sindano huwa nyembamba na pamba hukandamizwa kwa dakika 2 au zaidi bila kusugua. Akiwa na homa kali siku hiyo, ahirisheni. Ulizeni ni chanjo ya aina gani na iandikwe kwenye kadi. Ya mafua na ya Korona zinaweza kutolewa siku moja, moja kila mkono. Akae hapo dakika 15, au 30 kama aliwahi kupata mzio mkali, kwa sababu mzio wa hatari huja mapema na dawa yake iko palepale.

Paracetamoli ampeni ikiwa maumivu au homa imekuja, kwa kipimo cha kwenye pakiti, na si kabla ya sindano. Sukari ipimwe mara nyingi zaidi kwa siku mbili, maana homa huipandisha. Uso ukivimba au pumzi ikibana, hospitali mara moja. Maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio ndani ya wiki ya kwanza, hospitali. Kichwa kisichosikia dawa, mguu kuvimba au tumbo kuuma mfululizo katika mwezi wa kwanza, hospitali pia, na mtaje chanjo aliyopewa.

Akikataa kabisa, ana akili timamu na mwili ni wake. Mwambie umemsikia, na umuulize kama unaweza kumuuliza tena baada ya miezi michache. Kinga yake itakuwa ninyi wengine: wanaoishi naye wachanjwe, mwenye kikohozi avae barakoa au asimkaribie, madirisha yawe wazi wageni wanapojaa. Muwe na kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Ikishuka chini ya 94 mpigieni daktari, ikifika 90 au chini msisubiri asubuhi. Dalili zikianza apimwe siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kupambana na kirusi cha Korona zinatakiwa kuanza ndani ya siku 5, na daktari lazima azilinganishe kwanza na dawa zake za shinikizo.

Hukutaja tarehe ya kliniki yake ijayo. Iangalie kwenye kadi yake, kisha uombe radhi angalau wiki mbili kabla. Siku ya kliniki msindikize, umwachie muuguzi wake wa kisukari aulize lile swali la "katika kumi", nawe ukae nje.